Kuitafiti China Ukiwa Tabora

Mwanafunzi aliyeko Tabora akisema anataka kuandika tasnifu kuhusu China, ataambiwa ahamie Dar es Salaam kwenye maktaba kubwa, au atafute ufadhili wa kwenda Beijing. Ushauri huo si mbaya, na nafasi ikipatikana usiiache. Ila usiondoke kabla hujakusanya kilicho hapa. Madaktari kutoka jimbo la Shandong wamekuwa wakihudumu Tanzania Bara tangu 1968, na Tabora ilikuwa mojawapo ya vituo walivyopangiwa. Reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ilikabidhiwa kampuni mbili za Kichina kwa mkataba uliosainiwa Desemba 2022. Tembo, kakakuona na punda wa ukanda huu wameguswa na bei na sheria zinazoamuliwa ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Ushahidi mwingi wa mambo hayo umo vichwani mwa watu wanaozungumza Kiswahili na Kinyamwezi, na wenye nao wanazeeka. Mtafiti kutoka London atahitaji mkalimani na miezi ya kuzoeleka ili aupate. Wewe unahitaji daftari, adabu na mpango wa kazi.

Mpango huanza na swali. "Ushirikiano wa China na Tanzania" ni jina la kongamano, halitafitiki. Swali linalotafitika lina mahali, lina kipindi, na lina watu unaoweza kuwataja kwa kazi zao. Wauguzi waliofanya kazi na madaktari wa Kichina Tabora kabla ya 1990 walijifunza nini kwao, na nini walikikataa? Bei ya punda katika minada ya Igunga na Nzega ilipandaje na kushukaje viwanda vya kuchinja punda vilipofunguliwa na vilipofungwa? Katika kesi za nyara za Serikali zilizosikilizwa Tabora tangu 2010, washtakiwa ni watu wa kazi gani, na mnunuzi anatajwa mara ngapi? Kabla hujampelekea msimamizi wako pendekezo, andika orodha ya watu au majalada kumi unayoweza kuyafikia kwa baiskeli au kwa basi la siku moja. Ukishindwa kufikisha kumi, swali bado ni kubwa mno au liko mbali mno.

Upo mtego mmoja ambao njia ya misafara yenyewe inautega, na umewanasa wengi. Tabora ilikuwa njia panda ya Bagamoyo na Ujiji, na pembe zilipita hapa mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Katika miaka yetu hii pembe nyingi zilizokamatwa zilikuwa safarini kwenda Asia, China ikiwa soko kubwa. Mtafiti anaziunganisha ncha hizo mbili na kuandika kwamba Wachina wamekuwa wakinunua pembe za Unyanyembe, eneo hili la Tabora, kwa karne mbili mfululizo. Sivyo. Pembe za karne ya 19 zilitoka Zanzibar kwenda Bombay, London na Marekani, ambako viwanda vya Ivoryton na Deep River, katika jimbo la Connecticut, vilizikata kuwa vibao vya piano. Ukirudi nyuma zaidi, karne ya 10, mwandishi wa Kiarabu al-Masudi aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki, hupelekwa Oman, na kutoka huko hadi India na China. Maana yake soko limehama mara kadhaa, na kila lilipohama kulikuwa na sababu zake: bei, vita, fasheni, sheria. Ukitaka kuandika historia ya pembe, taja kipindi chako na uonyeshe ushahidi wa kipindi hicho. Kwa karne ya 19 una bahati, kwa sababu Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe, aliacha maelezo ya maisha yake kwa Kiswahili. Yasome kwa lugha aliyoyasimulia kabla ya kugusa tafsiri yoyote, kisha uone mwenyewe anamtaja nani kuwa mnunuzi.

Kichina cha mtafiti

Huwezi kuitafiti nchi kwa lugha za watu wengine tu. Ukitegemea Kiingereza peke yake utajua China kama inavyosemwa Washington na London, na ukitegemea Kiswahili peke yake utajua yale ambayo balozi na wizara zimeamua kuyatafsiri. Kwa hiyo jifunze Kichina, lakini jifunze ukijua unakihitaji kwa kazi gani. Kusoma gazeti bila kukwama kunataka herufi elfu kadhaa, na orodha rasmi ya herufi za kawaida iliyotolewa China mwaka 1988 ina 3,500. Hiyo ni kazi ya miaka. Kutambua kwenye ukurasa jina la nchi yako, jina la mji wako, tarehe, cheo cha msemaji na maneno kumi ya mada yako ni kazi ya muhula mmoja, na tayari inakufungulia mlango.

Taasisi za Konfusio za Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zimekuwepo tangu 2013, na Dodoma iko kwenye reli hiyohiyo inayopita Tabora. Ukikosa nafasi ya darasani, anza na simu. Washa kibodi ya pinyin, yaani Kichina kinachoandikwa kwa herufi za Kilatini. Ukiandika sauti, simu inakuletea herufi za Kichina uchague. Tanzania ni Tansangniya. Tabora huandikwa kwa herufi tatu zinazosomwa Ta-bo-la. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni Tanzan tielu, timu ya madaktari ni yiliaodui, pembe za tembo ni xiangya, kakakuona ni chuanshanjia. Weka herufi za Tabola pamoja na za yiliaodui kwenye kisanduku cha kutafutia, upate taarifa ambazo ukitafuta kwa "Tabora" hutaziona kamwe.

Majina ya watu yanahitaji uangalifu wa pekee. Kwa Kichina jina la ukoo hutangulia: Mao ni ukoo, Zedong ni jina lake. Panga marejeo yako kwa ukoo, usigeuze. Pia jiandae kwa tahajia mbili au tatu za mtu mmoja. Magazeti yetu ya miaka ya 1960, Uhuru na The Nationalist, yaliandika Peking, Mao Tse-tung na Chou En-lai, kwa kuwa pinyin, iliyopitishwa China mwaka 1958, ilikuwa haijaenea nje. Anayetafuta "Zhou Enlai" peke yake atakosa habari nzima ya ziara yake Tanzania ya Juni 1965. Makarani wetu nao wana tahajia zao. Mwanamke aliyehukumiwa na Mahakama ya Kisutu mwaka 2019 kwa biashara ya pembe za ndovu, ambaye nitamrudia, kwa pinyin ni Yang Fenglan, lakini kwenye karatasi za hapa utamkuta kama Yang Feng Glan. Fungua ukurasa mmoja wa daftari, uandike kila tahajia unayokutana nayo.

Programu za kutafsiri zitumie kujua ukurasa unahusu nini, usizitumie kunukuu. Sentensi yoyote utakayoiweka kwenye tasnifu isomwe na mtu anayejua Kichina. Kumpata mtu huyo si vigumu kama inavyodhaniwa. Kiswahili kinafundishwa Beijing tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na redio ya China ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, kwa hiyo kuna vizazi vya Wachina wanaojua lugha yetu na wanafunzi wao wanaohitaji mtu wa kuwasahihishia insha. Patana na mmoja: wewe unampitia Kiswahili chake, yeye anakupitia Kichina chako. Malipo ya namna hii yanamfaa mwanafunzi asiye na bajeti, na mtu mnayesaidiana kazi kwa mwaka mzima atakuambia pia mambo ambayo afisa habari hatakuambia.

Wauguzi wastaafu

Kama ningepewa mwanafunzi mmoja tu wa kumsimamia Tabora, ningempeleka kwa wauguzi. Kuhusu TAZARA vimeshaandikwa vitabu. Kuhusu madaktari wa Shandong waliokaa mikoani, kupasua, kuzalisha na kuchoma sindano za tiba ya Kichina, Kiswahili kina maandishi machache mno, ilhali walioshirikiana nao wodini, manesi, wakunga, wahudumu na makarani wa masijala, bado unaweza kuwakuta nyumbani kwao.

Usianze na barua ya chuo mkononi. Anza na mtu anayekujua wewe na anayemjua muuguzi, akutambulishe. Barua utaitoa baadaye, mama akishakukaribisha. Msalimie kwa shikamoo, uulize hali ya watoto na wajukuu, na siku ya kwanza usitoe kinasa sauti kabisa. Eleza unachotafuta, sauti itahifadhiwa wapi, nani ataisikiliza, na kwamba anaweza kukataa jina lake kutumika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inadai ridhaa, na hata isingedai, huyu ni mtu mzima anayekukabidhi maisha yake. Historia za wagonjwa ni eneo la hatari zaidi. Mweleze mapema kwamba huhitaji jina la mgonjwa yeyote, na akilitaja kwa bahati mbaya, lifute unaponukuu.

Maswali yenyewe yawe ya mikono na macho. Ukiuliza "Wachina walikuwaje?" utajibiwa "walikuwa wachapakazi sana," jibu ambalo lingeweza kutolewa na mtu asiyewahi kukutana nao. Uliza mgonjwa alipoingia chumbani nani alizungumza kwanza. Daktari alimuulizaje mgonjwa anaumwa wapi, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa ishara, au kupitia mkalimani? Timu hizi huja na mkalimani wao; je, alikuwepo kila siku, na siku asipokuwepo ilikuwaje? Sindano zilichemshwa wapi, na nani? Mgonjwa alipoogopa sindano ndefu, nani alimtuliza, na kwa maneno gani? Madaktari walikula nini, walilima bustani, walipewa nini na majirani? Walipougua wao, walitibiwa na nani? Hapo ndipo mama anaposimama, anaingia ndani na kurudi na picha ya wodi, cheti, au kitabu cha maneno ya Kiswahili kilichoandikwa kando kwa Kichina. Omba kukipiga picha palepale, mbele yake, pande zote mbili, na umrudishie mkononi. Usiazime kitu.

Tarehe hazitakuja zenyewe. Wazee wengi hawasemi "mwaka 1973," na wakisema, mara nyingi wanakusaidia tu uridhike. Tumia matukio: ilikuwa kabla au baada ya Karume kuuawa, yaani Aprili 1972? Watu walikuwa wameshahamishiwa vijijini? Vita ya Kagera ilikuwa imeanza? Mwalimu alikuwa bado hajang'atuka, mwaka 1985? Kwa matukio manne hivi utabana jambo ndani ya miaka miwili au mitatu, kisha jalada la hospitali au barua ya uhamisho ilete mwaka kamili.

Kumbukumbu ya muuguzi mmoja ni ushahidi wa muuguzi mmoja. Ilinganishe na ya mwenzake wa wodi nyingine, na ya mgonjwa aliyetibiwa, kisha na upande wa pili: Shandong wamechapisha kumbukumbu za madaktari waliorudi, na humo utasoma walivyoiona Tabora, joto lake, maji yake, malaria yake. Mahali simulizi zinapopishana ndipo pa kuandikia sura yako bora. Daktari ameandika kwamba wenyeji waliipenda tiba ya sindano, muuguzi anakuambia wagonjwa walikimbia; yawezekana wote wawili ni wakweli, kila mmoja kwa mwaka wake na kwa ugonjwa wake.

Malaria itakufungulia uzi mwingine mzuri. Dawa mseto tunazomeza leo zinatokana na artemisinini, iliyotafutwa na mradi wa kijeshi wa China ulioanza Mei 23, 1967, na ambayo ilimpatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tanzania iliifanya dawa mseto kuwa tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2006. Kati ya dawa kugunduliwa huko na kufika katika zahanati ya Sikonge kuna miongo mingi. Muulize muuguzi wako walitumia nini katikati ya hapo, na kama kuna aliyewahi kusikia habari za dawa hiyo mapema kutoka kwa wageni wake.

Tembo, kakakuona na punda

Wanyamapori wanataka tahadhari kubwa kuliko yote, kwa sababu hapa utafiti mbaya unaweza kukupeleka jela au kumuua mnyama. Usijifanye mnunuzi ili "upate ukweli." Usishike pembe wala magamba, hata kwa kupiga picha. Kukutwa na nyara za Serikali bila kibali ni kosa zito chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na kujieleza kwamba ulikuwa ukitafiti hakutakuokoa. Usiandike kijiji wala bonde ambako kakakuona ameonekana. Taja wilaya, basi.

Ushahidi salama na mwingi uko mahakamani. Mahakama Kuu ina masijala yake Tabora, Mahakama ya Rufani huja kuketi hapa kwa vikao vyake, na hukumu zao husomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Chagua kipindi, soma hukumu zote za nyara za kipindi hicho, na uziweke kwenye jedwali: mwaka, mahali alipokamatwa mshtakiwa, kazi yake, aina ya nyara, uzito, thamani, nani mwingine ametajwa, rufaa ilifaulu au la. Soma pia sababu za rufaa kufaulu, maana huko ndiko unakojifunza jinsi upelelezi unavyofanyika. Mwishoni hesabu ni mara ngapi mlolongo unaishia kwa mtu wa kijijini na ni mara ngapi unafika kwa aliyempa fedha.

Safu ya thamani isome kwa makini. Kiasi kinachotajwa mahakamani sicho mnunuzi alicholipa. Afisa wa wanyamapori hukadiria kwa kiwango cha mnyama mzima kilichowekwa na kanuni, na kwa tembo kiwango kilichozoeleka katika hukumu ni dola 15,000. Angalia kesi ya Yang Fenglan. Alisomea Kiswahili Beijing, akaja Tanzania mwaka 1975 kuwa mkalimani wa TAZARA, baadaye akafanya biashara Dar es Salaam. Februari 19, 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Magazeti ya 2015, aliposhtakiwa, yaliandika vipande 706 vya pembe. Ya 2019 yaliandika vipande 860 vyenye thamani ya karibu shilingi bilioni 13. Gawanya 860 kwa mbili upate tembo 430, zidisha kwa 15,000, unapata dola milioni 6.45. Kwa kiwango cha shilingi elfu mbili hivi kwa dola, cha wakati aliposhtakiwa, hiyo ni karibu bilioni 13. Namba iliyozunguka dunia nzima kama bei ya soko la magendo inalingana na hesabu ya kanuni. Ukiijua hesabu hiyo hutaandika kwamba Wachina "walilipa bilioni 13." Na kuhusu 706 na 860, usichague unayoipenda: tafuta hati ya mashtaka na hukumu yenyewe.

Tazama pande zote mbili za sheria. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989 na mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2008 nchi nne za kusini mwa Afrika ziliruhusiwa kuuza akiba yao kwa China na Japani mara moja tu, na mwaka 2010 Tanzania iliomba ruhusa kama hiyo mkutanoni Doha ikakataliwa. China ilifunga soko lake la ndani la pembe mwishoni mwa 2017. Katikati ya hapo, sensa ya tembo wa Tanzania ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Ni rahisi kudhani pembe za tembo hao zilitoka hapa kwetu Tabora. Lakini uchunguzi wa vinasaba vya pembe zilizokamatwa, uliochapishwa na Samuel Wasser na wenzake mwaka 2015, ulielekeza sehemu kubwa ya pembe za tembo wa savana kwenye kusini-mashariki mwa Tanzania na Msumbiji jirani, kisha dalili zikasogea kuelekea Ruaha na Rungwa. Anayeandika kuhusu Ugalla, iliyopandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019, lazima aonyeshe Ugalla ilikuwa na nafasi gani katika picha hiyo, asiichukue picha ya Selous ya kusini-mashariki na kuibandika Urambo.

Kakakuona naye ana utafiti mzito unaomngoja mtu wa huku. Akionekana, katika vijiji vingi hubebwa kwa heshima hadi kwa mzee wa mila au kiongozi wa serikali, wakamwekea maji, unga, nafaka na silaha, kisha watu wakatulia kutazama anaelekea wapi, wajue mwaka utakuwa wa mvua, wa njaa au wa vita. Nchini China magamba yake yalitumika kama dawa kwa karne nyingi. CITES ilizuia biashara ya spishi zote nane mwaka 2016, na mwaka 2020 China ilimpandisha daraja la juu kabisa la ulinzi na kuyaondoa magamba kwenye orodha ya viambato ya kitabu chake rasmi cha dawa, ingawa dawa kadhaa zilizokwisha kuandaliwa kwa magamba ziliendelea kuruhusiwa. Swali langu ni hili, na natamani mtu alichukue: ile mila ya kumbeba kakakuona hadi kwa mkuu inamlinda, au inawaonyesha wawindaji alipo? Ili ulijibu unahitaji wazee wa mila, maafisa wa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na mtu wa kukusomea maamuzi hayo ya China ya 2020 kwa Kichina. Kwa lolote linalohusu mnyama mwenyewe porini, kibali chako kitapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori.

Punda nimemweka mwisho, ingawa kwa mwanafunzi asiye na fedha ndiye wa kuanza naye. Ngozi yake huchemshwa kutengeneza ejiao, dawa ambayo asili yake inahusishwa na wilaya ya Dong'e, jimbo lilelile la Shandong lililotuletea madaktari. Punda wa China walikuwa takriban milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990 na wakaendelea kupungua hadi chini ya milioni 2, na katika kupungua huko wanunuzi wakatazama Afrika. Viwanda vya kuchinja punda vilifunguliwa Dodoma na Shinyanga, Serikali ikavisimamisha mwaka 2022, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapitisha katazo la miaka 15 la kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, kwa bara zima. Nenda mnadani asubuhi, kaa na madalali, uliza bei za mwaka kwa mwaka, kisha nenda kwa kina mama wanaochotea maji kwa punda na wenye mikokoteni. Uliza punda alipouzwa au kuibwa, nani alibeba ndoo, na mtoto gani alikosa shule. Hayo takwimu za forodha hazitakuambia.

Siasa, reli na vibali

Mtaani kila mgeni mwenye kofia ngumu ni Mchina. Mtafiti hana ruhusa ya kusema hivyo. Vipande vya reli ya kisasa vya Makutupora–Tabora na Tabora–Isaka vilipewa Yapi Merkezi ya Uturuki; kampuni za Kichina, CCECC na CRCC, zilipewa Isaka–Mwanza na Tabora–Kigoma. Tofautisha pia mkandarasi wa Kichina na mkopo wa China. Dola bilioni 2.2 za Tabora–Kigoma ni bei ya mkataba wa ujenzi, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ni miongoni mwa wafadhili wa mradi. TAZARA ilikuwa jambo tofauti kabisa: mkopo wa China usio na riba, makubaliano ya 1967, ujenzi kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860. Mtu akikuambia "ni kama TAZARA," muulize kwa lipi kati ya hayo.

Kuhusu mbinu ya reli, iga kazi ya mwanahistoria Jamie Monson juu ya TAZARA. Hakuishia kwenye hotuba za marais. Alichambua stakabadhi za vifurushi vya stesheni, akaona wakulima na wachuuzi walisafirisha nini kwenda wapi. Karatasi za namna hiyo zipo katika kila stesheni ya zamani, na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 imekuwa na muda wa kuzizalisha nyingi. Waombe wenye dhamana kabla hazijachomwa kusafisha stoo.

Ukitaka kuzungumza na Wachina wa kambini, pitia kwa afisa rasilimali watu wa mradi, na ukubali kwamba majibu ya kwanza yatakuwa ya ofisini. Usipange kwenda wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina, Januari au Februari, maana wengi huwa wamerudi kwao au wako sikukuuni. Ukishapata nafasi ya kukaa na fundi mmoja, muulize kijiji chake, wazazi wake, nani anamlelea mtoto, na kwa nini alikubali kuja. Yeye naye ni kibarua aliye mbali na nyumbani, na wapagazi wa njia hii wangemwelewa upesi kuliko sisi.

Vibali vifuatilie mapema na kwa utaratibu: barua ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, pale chuo kitakapokuelekeza. Beba nakala nyingi zilizogongwa muhuri, kila ofisi itabaki na moja.

Kwa nyaraka za zamani, Nyaraka za Taifa na kitengo cha East Africana cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vitakupa majalada, Uhuru na The Nationalist. Upande wa China, wizara yao ya mambo ya nje ilifungua nyaraka zake kwa watafiti mwaka 2004, kisha baadaye ikazibana tena. Nyaraka kadhaa zilizonakiliwa katika kipindi hicho zilihifadhiwa na Wilson Center ya Marekani mtandaoni, nyingine zikiwa na tafsiri. Zipakue na uzihifadhi mahali pawili.

Ukimaliza, chapa nakala tatu zaidi ya zile za chuo. Moja ipeleke Maktaba ya Mkoa Tabora, moja hospitali au ofisi iliyokufungulia majalada, na ya tatu mpelekee mama aliyekusimulia, pamoja na sauti yake kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu na picha alizokuruhusu kuzipiga. Kama tasnifu ni ya Kiingereza, mwandikie muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili, ukae naye msome pamoja. Atakuonyesha palipokosewa, nawe sahihisha kabla hujatuma makala kwenye jarida lolote.